Mwanangu hataki kufyatua, na safari nimeshailipia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Tabata, nauza vifaa vya ujenzi. Nakuandikia kuhusu mwanangu wa kwanza, Salimu, ana miaka 14, yuko kidato cha pili.

Marehemu baba yangu alikuwa mfuata nyayo wa Bwana Nyama kule Liwale. Nimekua nikimwona anainama barabarani, anagusa mchanga kwa kidole, anasema: "Huyu jike, kapita alfajiri, ana mtoto ubavuni." Mimi nikitazama naona mchanga tu. Aliniahidi nikifika darasa la saba atanichukua porini. Nilikuwa darasa la sita alipofariki. Leo nina miaka 46, na porini kwa namna ile sijawahi kwenda. Nina bunduki ya marisau yenye kibali, kazi yake ni nguruwe pori wanaoingia kwenye muhogo shambani Mkuranga. Mnyama mkubwa sijawahi kupiga.

Mwanzoni mwa mwaka jana shemeji yangu anayefanya kazi Windhoek alinipigia simu. Akaniambia nje ya mji kuna shamba ambalo watu huenda kuwinda tandala na choroa, wiki moja, mwindaji bingwa anawaongoza. Nilipolinganisha na gharama za uwindaji wa kitalii hapa kwetu, nikaona huko naweza kufika. Nikamwambia Salimu tutakwenda wote. Aliruka, Shangazi! Akachora tandala kwenye jalada la nyuma la daftari lake la hesabu, na pembe zake zile zilizojisokota. Nimekuwa nikilipa kidogo kidogo, sasa nimeshavuka nusu. Tunaondoka likizo ya Juni.

Iddi ya kuchinja nilimwambia ashike miguu ya mbuzi. Akashika. Mbuzi alipotulia akaenda kunawa mikono, akakaa bafuni muda mrefu. Mchana alikula pilau, nyama akaiacha pembeni ya sahani. Nikadhani tumbo linamsumbua.

Wiki tatu zilizopita mama yangu alikuja kutoka Kilwa kwa matibabu. Usiku wa mwisho kabla hajaondoka akanivuta kando: "Mwanao hataki kuua mnyama. Anaogopa kukuambia, anasema utaumia."

Mama Salimu anasema yeye alishanikataza tangu mwanzo. Kaka zangu wanasema nikimwachia hili atakuwa legelege maisha yake yote. Nifanye nini? Niifute safari na fedha zipotee? Niende peke yangu? Au nimpeleke hivyo hivyo, nikiamini akifika porini moyo utamgeuka? Na nikiri jambo moja ambalo sijamwambia mtu: mimi mwenyewe naogopa. Nikipiga vibaya mbele ya mwanangu, itakuwaje?

Baba Salimu, Tabata

*

Marahaba, Baba Salimu. Pole, na asante kwa kunieleza hata lile la mwisho.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Salimu yumo, lakini safari hii ni ya mtoto mwingine, yule wa darasa la sita aliyeahidiwa na baba yake, ahadi ikazikwa Liwale. Mtoto huyo ana haki ya kwenda. Miaka zaidi ya thelathini amengoja. Usiifute safari, nenda. Ila deni la babu asilipishwe mjukuu.

Mchukue Salimu kama bado anataka kusafiri na wewe, lakini mfungue kwenye ahadi ya kufyatua. Umfungue kwa mdomo wako, na mapema. Usimngoje aje akuambie, maana ameshakuambia. Kwetu mtoto akipitisha neno kwa bibi, amelituma kwa baba. Bibi amelifikisha kama alivyotakiwa, sasa zamu ni yako. Na usimwambie "bibi yako kaniambia", utamfungia mlango mmoja wa pekee alionao.

Mwambie mkiwa wawili tu, kwa mfano siku mnayokwenda shambani, mmekwama kwenye foleni ya Mbagala. Sema maneno machache: "Salimu, Namibia tunakwenda. Mimi nitajaribu kuwinda. Wewe huna lazima ya kupiga chochote. Ukitaka kuja na darubini, njoo. Ukitaka kubaki kambini, baki. Ukibadili mawazo, ukabadili tena, sitakuuliza kwa nini." Halafu nyamaza. Usimdai jibu palepale. Akikaa kimya mpaka Vikindu, mwache na kimya chake.

Sasa hilo la kwamba akifika porini moyo utamgeuka. Baba Salimu, hilo ndilo linalonitisha kuliko yote uliyoandika. Mtazame mwanao pale: amesimama nyuma ya bunduki ya kuazima, mnyama yuko mita mia na ishirini, mtu mzima asiyemjua anamnong'oneza "sasa, sasa", na baba yake anapumua shingoni kwake. Pale mtoto hawezi kusema hapana. Atafyatua ili akufurahishe, atafumba macho kabla ya mlio, risasi itakwenda tumboni badala ya kifuani. Atakayelipa ni mnyama, atakayekumbuka ni Salimu. Kwa hiyo mwandikie mwindaji bingwa leo, kwa maandishi, kwamba kijana anakuja kama mtazamaji na mtu yeyote asimkabidhi bunduki ila yeye mwenyewe akiomba. Mashamba mengi ya uwindaji yana bei ya chini kwa mtazamaji, basi uliza pia kama hesabu yako itapungua. Na siku akiomba, uwe tayari unajua, kwa maandishi vilevile, sheria ya kule inasemaje juu ya mtoto wa umri wake kushika silaha na chini ya usimamizi wa nani.

Kaka zako wanasema legelege. Sitabishana nao. Nitakurudisha kwenye maneno yako mwenyewe. Umeniandikia juu ya marehemu baba yako, na hukunitajia hata mnyama mmoja aliyempiga. Bunduki ilikuwa ya Bwana Nyama. Baba yako alisoma mchanga. Hiyo ndiyo kazi uliyoiona ukiwa mdogo ukaipenda hadi leo, na ni kazi ambayo mtu anaweza kuirithi bila kumwaga tone la damu. Mwanao anachora tandala kwenye daftari la hesabu. Mpe daftari jingine, la nyayo. Ukwato wa tandala una umbo kama la moyo, umechongoka mbele. Wa pofu, yule swala mkubwa, ni mpana na wa mviringo, unaweza kudhani ng'ombe kapita. Mwombe shemeji yako azungumze na mwenye shamba, Salimu apate asubuhi mbili au tatu za kutembea na mfuata nyayo, bila bunduki. Namibia si mahali pabaya pa kujifunza hilo. Wajuǀʼhoansi, jamii ya Wasan wanaoishi Nyae Nyae, kaskazini-mashariki mwa nchi, wanasifika duniani kwa kusoma nyayo, na hifadhi yao ya jamii, iliyotangazwa mwaka 1998, ni miongoni mwa zile za mwanzo kabisa nchini humo. Shamba lenu liko mbali na huko, lakini wasomaji nyayo hodari hawakosekani kwenye mashamba hayo.

Tena msingoje Juni. Pandeni treni ya SGR mpaka Morogoro, mkodi gari mwende Mikumi siku mbili. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna anayewinda, kwa hiyo hakuna atakayemkazia macho mwenzake. Mwone pofu na nyati pamoja, umsikie anavyowazungumzia. Utamjua mwanao zaidi kwa siku hizo mbili kuliko kwa maswali yangu yote.

Nije kwenye hofu yako. Nilipopata barua hii nilikwenda Temeke kwa mzee mmoja aliyefuata nyayo Selous kwa miaka mingi, kabla sehemu kubwa ya pori lile haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Nilimuuliza swali lako: akipiga vibaya mbele ya mtoto, itakuwaje? Hakunijibu upesi. Alichukua kijiti, akachora alama tatu uani. Alama ya kwanza, akasema, ni damu ya rangi ya waridi yenye povu. Hiyo ni mapafu, mnyama hayuko mbali. Ya pili ni damu nyeusi nzito, ini, umpe muda. Ya tatu ni damu kidogo iliyochanganyika na majani mabichi yaliyotafunwa. Hapo akakipumzisha kijiti. "Hiyo ni tumbo. Hiyo ndiyo inayomtenganisha mwindaji na mtu aliyenunua risasi. Ukikaa kwanza ukamwacha atulie, kisha ukamfuata mpaka jua linazama, na kesho ukarudi, mtoto amekuona. Ukisema twende tukatafute mwingine, mtoto amekuona pia."

Basi ujue kabla hujaondoka: kule mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa na kulipiwa kama aliyeuawa. Weka akiba ya hilo, ili siku ikitokea usiwe unafikiria fedha wakati unapotakiwa kufikiria mnyama. Na kama unamfuata aliyejeruhiwa, Salimu abaki na gari. Hili lisiwe na mjadala. Choroa, jike na dume wote wana pembe, zimenyooka kama mikuki, na akiwa amelala chini bado anaweza kuzizungusha. Hata akionekana amekufa, asogee kwanza anayejua kazi, kwa nyuma.

Lakini kinga kubwa ni kujizoeza. Bunduki ya marisau imekuzoesha kulenga karibu, na marisau hutawanyika yakakusamehe. Kule ni risasi moja, mara nyingi mita mia au zaidi kidogo, ukiwa umesimama, bunduki imeegemea vijiti vya miguu mitatu. Funga mianzi mitatu kwa mpira wa baiskeli, simama nayo uani kila jioni na bunduki yako tupu, uhakikishe mara mbili kwamba ni tupu, ujifunze kupumua na kutulia. Silaha yako iache nyumbani. Wengi wanaotoka Dar hupitia Johannesburg, na silaha inayopita nchi ya watu inataka vibali vyake. Ukodi bunduki ya pale shambani. Omba ya kipimo cha .308, usikubali kupewa ya .375 kwa sababu tu inaonekana ya kiume. Ile ni ya nyati na tembo, teke lake litakufundisha kujikunja kabla ya kufyatua. Sheria ya Namibia inataka nguvu ya jouli 2,700 kwa tandala na choroa, na .308 inaivuka bila shida. Siku ya kwanza mtapiga karatasi. Piga nyingi kadiri watakavyokuruhusu.

Halafu, mnyama mwenyewe. Mngoje akupe ubavu. Fuata mguu wa mbele kwa macho, panda nao mpaka theluthi ya mwili, hapo ndipo. Akikutazama uso kwa uso, au akikupa mgongo, usipige. Na jiwekee umbali wako ukiwa bado nyumbani, tuseme mita 150, na zaidi ya hapo useme hapana hata mwindaji bingwa akikuhimiza. Ningependa Salimu akuone unashusha bunduki walau mara moja. Ataelewa kwamba hata baba anaweza kusema hapana pale pale kwenye vijiti.

Umetaja Iddi, kwa hiyo nadhani nyama yenu mnataka iwe halali. Surat Al-Maida, aya ya 4, imetaja mawindo na kumtaja Mwenyezi Mungu juu yake. Piga bismillahi unapofyatua, na ukimkuta bado ana uhai, achinjwe. Mambo mengine ya bunduki na mawindo kaa na sheikh wako kabla ya safari. Lakini kuna jambo ambalo sheikh huenda asilijue: anayetaka kichwa kizima chenye ngozi cha kutundika ukutani huambiwa koo lisikatwe, maana ngozi ya shingo itaharibika. Waambie siku ya kwanza kwamba wewe unataka mnyama achinjwe, na kama utachukua kumbukumbu basi ni fuvu na pembe tu. Vinginevyo mtabishana juu ya mnyama anayekata roho, na mtoto amesimama hapo. Nyama yenyewe msitegemee kuileta Dar. Itabaki shambani, lakini kuleni pale. Salimu akiiacha pembeni ya sahani, usiiangalie sahani yake.

Pembe hizo nazo usizitie kwenye begi ukasema nimelipia. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa na nyara bila hati ni kosa zito, na askari wa uwanja wa ndege hawezi kujua kwa macho tandala wa Namibia na wa Ruaha. Nenda ofisi za wanyamapori mapema, uulize vibali vya kuingiza, na vya mifugo pia. Ukiona ni mlolongo mrefu, ziache. Mchoro wa Salimu hauhitaji kibali.

Picha. Najua utatamani. Piga, uweke kwenye simu yako, umwonyeshe bibi Kilwa. Usimpige Salimu picha na mnyama aliyekufa ila yeye akitaka, na hata akitaka, usiirushe mtandaoni. Mwaka 2015 daktari wa meno wa Marekani, Walter Palmer, alimuua simba aliyeitwa Cecil karibu na Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, simba aliyevishwa kola na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Dunia nzima ilimwandama, waandamanaji wakajaa nje ya kliniki yake. Wewe huendi kupiga simba, lakini watu wa mtandaoni hawaulizi. Mtoto wa miaka 14 atabeba picha hiyo mpaka chuo, mpaka kazini, na wala si yeye aliyeamua.

Yamebaki madogo. Windhoek iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni kule ni kipupwe, alfajiri utaona pumzi yako. Mtoto wa Tabata hana sweta la baridi hiyo, mnunulie Kariakoo kabla ya kuondoka. Msimu wao wa uwindaji wa kitalii ni kuanzia 1 Februari hadi 30 Novemba, kwa hiyo ikibidi kusogeza safari mwaka huu mna nafasi, ila shule haitasubiri.

La mwisho ni Mama Salimu. Umemtaja kwa sentensi moja, kwamba alishakukataza. Sikusikia sababu yake, na sijui kama wewe uliisikia. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja kwenda huko hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa na kiapo cha mzazi aliyebaki, kilichosainiwa mbele ya wakili, na Johannesburg nako wanaweza kuviulizia. Kwa hiyo saini yake unaihitaji kweli. Usimpelekee karatasi ikiwa imeshaandikwa. Kaa naye kwanza, mweleze utakachomwambia Salimu kwenye foleni, umuulize yeye anaogopa nini, umsikilize mpaka amalize. Cheti cha Salimu kama kimepotea au kimechakaa, RITA inaweza kuchukua muda. Anza nacho Jumatatu.

Shangazi